Kwa Nini Jicho la Mtoto Liondolewe?



Kuna maneno ambayo mzazi akiambiwa hospitalini huweza kumbeba mtoto na kurudi naye nyumbani siku hiyohiyo. Maneno yenyewe ni haya: "Mama, itabidi jicho hili litolewe." Nani asiyeogopa? Mtoto anacheza, anakula, anacheka, halafu mtu anataka kumtoa jicho! Basi mzazi anaondoka. Anajaribu majani, anajaribu maombi, anajaribu mganga wa ng'ambo ya mto. Baada ya miezi kadhaa anarudi, jicho likiwa limevimba na kusukumwa nje. Wakati huo mara nyingi daktari hubaki na kazi moja tu, kumpunguzia mtoto maumivu.

Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia. Nilipokuwa nikisoma habari za seli, swali hili lilinisumbua: kwani hakuna dawa? Kwa nini jicho zima liondolewe kwa sababu ya doa dogo jeupe? Jibu nililipata katika somo lilelile la seli. Nimeliandika hapa kwa lugha ya nyumbani, ili lisomwe kwenye mkutano wa kikundi, na hata nyanya asiyejua kusoma alisikie na kulielewa.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa tunaouzungumzia unaitwa retinoblastoma. Ni kansa ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao wakiwa chini ya miaka 5. Huanzia kwenye retina. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma kabisa ndani ya jicho. Ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo.

Si ugonjwa wa kila boma. Madaktari waliohesabu wagonjwa wa Kenya katika miaka ya 2006 na 2007 walikuta mtoto mmoja kwa karibu kila watoto 17,000 wanaozaliwa. Unaweza kuishi Ndhiwa au Kuria miaka yako yote bila kumwona hata mmoja. Lakini watoto huzaliwa kila siku katika kaunti zetu, kwa hiyo ugonjwa huu haukosi kufika kwetu pia. Na ukifika, hausubiri.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni weupe ndani ya mboni, yaani lile duara jeusi katikati ya jicho. Jioni, mwanga wa taa au tochi ukimpiga mtoto usoni, mboni hung'aa kama jicho la paka. Siku hizi wazazi wengine huona kwenye picha ya simu: jicho moja ni jekundu au jeusi kama kawaida, na la pili ni jeupe. Dalili ya pili ni makengeza, jicho moja likitazama pembeni. Baadaye huja wekundu, maumivu na uvimbe.

Hapa lazima tuelewane vizuri. Weupe kwenye mboni hauna maana moja tu. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao nao huwapata watoto wachanga na una upasuaji wake. Unaweza kuwa ugonjwa mwingine wa retina. Wewe na mimi hatuwezi kutofautisha tukiwa nyumbani. Anayeweza ni mtaalamu wa macho, baada ya kupanua mboni kwa dawa ya matone na kutazama ndani. Kazi yetu ni kumfikisha mtoto kwake haraka.

SELI NI NINI?

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili umejengwa kwa seli. Tofauti ni kwamba tofali limekufa, na seli ni hai: inakula, inapumua, na ikifika wakati wake inajigawa na kuwa mbili. Ni ndogo sana. Nyingi zina upana wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita, na huwezi kuziona bila hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo.

Mtoto anakua kwa sababu seli zake zinagawanyika. Lakini kugawanyika huko kuna amri. Seli za mfupa zinajua lini zisimame. Seli za retina nazo hugawanyika mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya kwanza, halafu husimama. Ndiyo maana kansa hii ni ya watoto wadogo. Retina ya mtu mzima imekwisha kujengwa, na seli zake hazigawanyiki tena.

Amri hizo zimeandikwa ndani ya kila seli, kwenye nyuzi ndogo zinazoitwa kromosomu. Tunazo jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Kipande cha uzi kinachobeba amri moja kinaitwa jeni. Jeni inayotuhusu leo inaitwa RB1, nayo iko kwenye kromosomu ya 13. Kazi yake ni kuiambia seli, "Ngoja, usigawanyike kwanza."

BAISKELI YENYE BREKI MBILI

Chukua mfano wa kijana anayeshuka mlima na baiskeli iliyobeba gunia la mahindi. Ana breki ya mbele na ya nyuma. Moja ikikatika, atashuka kwa wasiwasi, lakini atafika. Zote mbili zikikatika, hakuna wa kumsimamisha.

Seli nayo ina breki mbili za RB1, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Moja ikiharibika, nyingine inashikilia. Zote mbili zikiharibika ndani ya seli moja ya retina, seli hiyo huanza kugawanyika bila kusimama. Hapo kansa inaanza.

Jambo hili liligunduliwa na daktari wa Marekani aliyeitwa Alfred Knudson. Mwaka 1971 alichapisha hesabu aliyofanya kwa watoto 48 wenye ugonjwa huu. Aliona kwamba wenye kansa katika macho yote mawili huugua mapema zaidi kuliko wenye kansa katika jicho moja. Akasema: hawa wa kwanza wamezaliwa na breki moja tayari imekatika katika kila seli, kwa hiyo inatosha breki moja tu kuharibika. Hawa wengine wanahitaji ajali mbili katika seli moja, na hiyo huchukua muda. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1986, na hesabu ya Knudson ikaonekana kuwa sawa.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu vijijini mama ndiye hulaumiwa. Wengine watasema ni laana. Wengine watasema ni jicho baya, sihoho. Wengine watauliza alikula nini akiwa na mimba. Hapana, jameni! Katika kila watoto 100 wenye ugonjwa huu, karibu 60 hawakurithi kitu. Breki zao zilikatika zenyewe seli zilipokuwa zikinakili amri zake, kama vile mwandishi anavyoweza kuruka herufi akinakili ukurasa mrefu. Hao wengine 40 wana hitilafu katika kila seli, lakini hata kati yao wengi ndio wa kwanza katika ukoo. Hakuna aliyekosea.

HESABU YA KUONGEZEKA

Sasa tuje kwa nini daktari ana haraka.

Tuseme seli moja imepoteza breki. Inagawanyika na kuwa 2, halafu 4, halafu 8. Ikigawanyika mara 10 zinakuwa 1,024, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuziona. Mara 20 zinapita milioni moja, na bado ni kama chembe ya mchanga. Mara 30 zinapita bilioni moja, na huo ni uvimbe wa karibu gramu moja, upana wa sentimita moja na zaidi kidogo. Jicho la mtoto mchanga lina upana wa milimita 17 tu, kwa hiyo uvimbe huo ni mkubwa ndani yake.

Angalieni hapa, hasa nyinyi waweka hazina wa vikundi mnaojua riba. Ilipogawanyika mara 27, uvimbe ulikuwa robo ya robo mbili tu, yaani sehemu moja ya nane. Mara tatu zaidi, na umefika ukubwa huo! Hii ni hesabu ya darasani, maana katika mwili seli nyingine hufa na nyingine hupumzika, lakini somo ni lilelile: mwanzoni ugonjwa unaonekana kulala, na mwishoni unakimbia. Mzazi anayesema "tungoje tuvune kwanza" hangoji kitu kilichosimama.

Uvimbe ukibaki ndani ya jicho, mtoto ana nafasi kubwa ya kupona. Katika nchi ambako watoto hufika mapema, zaidi ya 95 katika kila 100 hupona. Lakini nyuma ya jicho kuna neva, ule mshipa unaobeba habari za kuona. Mshipa huo unaelekea moja kwa moja kwenye ubongo. Seli za kansa zikiingia humo, zimepata barabara. Nyingine hupitia damu na kufika kwenye mifupa. Mtoto asiyetibiwa kabisa, karibu siku zote hufa.

Basi hili ndilo jibu la swali langu. Jicho linaondolewa likiwa bado ni gereza lenye kansa ndani, kabla mlango haujavunjika. Na mara nyingi jicho hilo halioni tena. Kinachopotea ni jicho ambalo lilikwisha kupotea, na kinachobaki ni mtoto.

UPASUAJI UNAFANYWAJE?

Si jambo jipya. Daktari mpasuaji wa Scotland, James Wardrop, aliandika mwaka 1809 kwamba jicho lenye ugonjwa huu litolewe mapema ili kuokoa maisha. Wakati huo hapakuwa na dawa ya usingizi. Leo ipo.

Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi na hasikii maumivu. Jicho limeshikiliwa na misuli 6 midogo inayolizungusha. Daktari huitenganisha misuli hiyo, kisha hukata neva ya nyuma kwa mbali kadiri awezavyo, ili kama kuna seli zilizoanza safari zikamatwe. Jicho hutoka likiwa zima. Katika nafasi iliyobaki daktari huweza kuweka mpira mdogo ili uso usibonyee, kisha hushona ngozi laini ya ndani juu yake. Kope hubaki, nyusi hubaki. Ubongo hauguswi. Kwa kawaida kazi hii huchukua kama saa moja.

Labda mtu atauliza, kwa nini wasichome sindano na kutoa kipande kidogo wapime kwanza, kama wanavyofanya kwa uvimbe wa titi? Swali zuri. Kwa ugonjwa huu sindano inaweza kutoboa gereza. Seli zikitoka kupitia tundu hilo, tumezisambaza sisi wenyewe. Ndiyo maana daktari hutegemea macho yake, mashine ya mawimbi ya sauti na picha.

Si kila mtoto lazima atolewe jicho. Uvimbe ukiwa mdogo, kuna njia za kuuchoma kwa mwanga mkali wa leza, kuugandisha kwa baridi, au kuupunguza kwa dawa za kansa. Hasa mtoto mwenye ugonjwa kwenye macho yote mawili, madaktari hujitahidi sana kuokoa angalau moja. Lakini njia hizo ni za wale waliofika mapema. Kuchelewa ndiko kunakofunga milango hiyo mmoja baada ya mwingine.

JICHO LINAPELEKWA WAPI?

Hapa kuna uvumi. Utasikia sokoni kwamba macho yanauzwa, au yanawekewa watu wengine. Tuseme ukweli. Hadi leo hakuna hospitali duniani inayoweza kumwekea mtu jicho zima la mwingine likaona. Mwaka 2023 madaktari wa New York walimwekea mtu jicho zima kwa mara ya kwanza, nalo halikuona. Sasa jicho lenye kansa nani atalitaka?

Jicho linapelekwa maabara. Linawekwa kwenye dawa ya kulihifadhi, linakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vinatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Seli za kansa hii huonekana ndogo, zimesongamana, zenye kiini kikubwa cha rangi ya buluu. Mtaalamu anatafuta jambo moja kuu: je, zimefika kwenye ncha ya neva iliyokatwa, au kwenye tabaka lenye damu nyuma ya retina? Kama hazijafika, huenda upasuaji ukatosha. Kama zimefika, mtoto anahitaji dawa za kansa kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mzazi asiondoke baada ya kidonda kupona. Aulize: "Majibu ya maabara yamesema nini?" Ni haki yake kujua.

SI KILA JICHO LILILOVIMBA HUTOLEWA

Sisi wa karibu na ziwa tuna ugonjwa mwingine wa kuangalia. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya wa watoto. Ugonjwa huo sasa unaitwa limfoma ya Burkitt, na uko zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi kama zetu. Unaweza kuanzia kwenye taya, tumbo au nyuma ya jicho, na kulisukuma jicho nje. Ni katika kansa zinazokua kwa kasi kuliko zote, kwani seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Lakini tiba yake kubwa ni dawa wala si kisu, na watoto wengi hupona. Kwa hiyo msiogope hospitali mkidhani kila uvimbe wa jicho utaishia kwa kutoa jicho. Daktari hupima kwanza ajue ni seli za namna gani.

MTOTO ATAISHIJE NA JICHO MOJA?

Ataishi kama watoto wengine. Baada ya wiki 6 hivi kidonda kikiwa kimepona, hupimwa jicho la bandia linalofanana na lake. Hubadilishwa kadiri anavyokua. Mwanzoni atakosea kupima umbali, labda atamwaga maji akijaza kikombe, lakini watoto hujifunza upesi. Ataenda shule, atacheza kandanda, ataoa au kuolewa.

Mambo matatu yakumbukwe. Kwanza, jicho lililobaki lilindwe na lipimwe kwa tarehe zilizopangwa, hata kama mtoto ni mzima. Pili, ndugu zake wadogo wapimwe pia, tangu wakiwa wachanga. Tatu, aliyerithi ugonjwa huu, akikua na kupata watoto, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi jeni hiyo, kwa hiyo wapelekwe kupimwa mara wanapozaliwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Wakina mama wafundishane kutazama mboni za watoto jioni, na kwenye picha za simu. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina mahali pa kuuliza juu ya macho. Muuguzi asipouliza, mama aulize.

2. Ukiona weupe au makengeza, usitie kitu ndani ya jicho, si maziwa ya mama, si maji ya majani. Nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo, na uombe barua ya kumwona mtaalamu wa macho kwenye hospitali ya kaunti, Migori au Homa Bay. Ukipewa matone tu na weupe ukabaki, rudi. Usione haya.

3. Huenda mtoto akatumwa Kisumu, Eldoret au Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Nauli na chakula cha mzazi ndivyo huwashinda wengi. Kikundi kinaweza kutenga akiba kidogo ya dharura, isiyokopeshwa. Pia kila familia ijiandikishe kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

4. Baba ahusishwe tangu siku ya kwanza. Mara nyingi mama hukubali lakini hawezi kutia sahihi bila neno la mume au baba mkwe. Wazee wawili wa kikundi waende nao, wasikie daktari wenyewe, waulize maswali yote.

5. Kama kuna familia karibu nanyi ambayo mtoto wao alifanyiwa upasuaji akapona, na wenyewe wakipenda, waombeni wazungumze na mzazi aliye na hofu. Neno lao lina uzito kuliko makala haya.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kwetu hapa, mtoto akionekana na jicho jeupe, watu husema ni nini? Nani ndani ya boma ndiye mwenye neno la mwisho, na je, amesikia habari hizi? Kama mtoto angetakiwa kufika Kisumu kesho asubuhi, kikundi chetu kingetoa nauli kutoka wapi?

Jadilianeni, mwandike majibu kwenye daftari la kikundi. Na leo jioni, kabla watoto hawajalala, watazameni macho.